Ken Miles: Makanika Aliyeipika GT40 Ikalamba Ferrari, Kombe Likabebwa na Wengine

Kama ulicheki ile muvi ya Ford v Ferrari iliyotoka 2019, kuna kitu pengine hukujua. Zile ndai ulikuwa unaona zikipepea kwa skrini, nyingi si zenyewe. Ni replika.

GT40 orijino zilitengenezwa kama mia moja na kidogo tu, miaka ya sitini. Zilizobaki ziko kwa makumbusho na kwa magaraji ya wadosi, na hakuna mwenye nazo atakubali ugongeshe yake juu ya muvi. Kwa hivyo watu wa filamu walienda kwa kampuni ya Superformance, na hapa ndio utashtuka kidogo: hizo GT40 za Superformance zimekuwa zikiundwa hapa hapa Afrika, Port Elizabeth kule Afrika Kusini, mji ambao siku hizi unaitwa Gqeberha. Cape Town pia kulikuwa na watu wa CAV wakiunda za kwao.

Halafu kuna wale wasee wa kujijengea. Hawa ni watu wa kawaida Uingereza, Marekani na kwingineko, mtu ana garaji nyuma ya keja. Ananunua chasi na bodi ya faibaglasi, anatafuta injini ya V8 ya Ford, anatafuta giaboksi ya kukaa nyuma ya injini, halafu anaanza kuunganisha usiku na wikendi. Mwaka wa kwanza unaisha, wa pili unaisha, bado bibi anauliza hii kitu itatoka lini.

Sasa cheki hii. Siku ya kupaka rangi ikifika, msee anaweza kuchagua ile nyeusi namba 2, iliyobeba kombe la Le Mans 1966. Lakini wako wale ambao hawataki kusikia hiyo. Wanataka ile ya bluu hafifu, namba 1. Gari iliyomaliza ya pili.

Kwa nini mtu achome miaka na mkwanja wote huo kunakili gari iliyoshindwa? Jibu ni jina moja: Ken Miles. Wacha nikupee stori yake, juu muvi ilikupea nusu.

Kijana wa karibu na Birmingham

Kenneth Henry Miles alizaliwa 1 Novemba 1918, Sutton Coldfield, karibu na Birmingham, Uingereza. Shule na yeye hazikuwa marafiki. Akiwa bado mdogo alijaribu kuhepa nyumbani aende Marekani, ikakataa. Akiwa na miaka 15 akaacha shule, akaingia kwa kampuni ya magari ya Wolseley kama mwanafunzi wa ufundi. Ukifikiria, hapo ndipo alipata shule yenyewe. Mafuta kwa mikono, spana kwa mfuko.

Vita vya Pili vya Dunia vikaingia. Miles akawa kwa jeshi la Uingereza, upande wa vifaru, akapanda hadi cheo cha staff sajini. 1944 alikuwa kwa ile operesheni ya kutua Normandy, Ufaransa. Kwa hivyo kabla hata ulimwengu usikie jina lake kwa mbio, msee alikuwa ameshaona mambo ambayo dereva wengi hawataona maishani.

Vita ilipoisha, akarudi kwa kile alikuwa anapenda. Akaanza kushindana na magari ya zamani, Bugatti, Alfa Romeo, Alvis, halafu akachukua Frazer-Nash akaitia injini ya V8 ya Ford. Weka hiyo kwa akili. Kuchukua gari ya mtu mmoja na injini ya mtu mwingine ilikuwa tabia yake mapema sana.

Los Angeles, na kujenga kwa spea za wengine

Mwanzo wa miaka ya hamsini akahamia Los Angeles na familia, bibi yake Mollie na kijana wao Peter. Safari hii Marekani haikukataa. Alipata kazi ya kusimamia sevisi kwa kampuni iliyokuwa inauza MG kusini mwa California.

MG za wakati huo zilikuwa magari madogo, hazina nguvu ya kutisha mtu. Miles akachukua spea za MG, akajiundia chasi yake, akaweka bodi nyepesi, akaiita R1. 1953 akaenda nayo kwa mashindano ya klabu ya SCCA, akashinda mara 14 mfululizo. Rudia hapo: mara 14, na kitu alichojenga mwenyewe, mbele ya watu waliokuja na magari ya bei kali. Baadaye akaunda ingine, R2, iliyokuwa chini na bapa hadi watu wakaipa jina la Flying Shingle. Halafu kukawa na ile ya Cooper iliyotiwa injini ya Porsche, ambayo watu waliiita Pooper. Nayo pia ikawatesa.

Hivi ndivyo anafaa kueleweka. Watu humkumbuka kama dereva, lakini Miles alikuwa fundi kwanza. Ukienda Grogan unajua kuna wale wa kubadilisha spea, na kuna yule mmoja akisikiliza injini dakika mbili anakuambia shida iko wapi. Miles alikuwa huyo wa pili, halafu anaingia ndani ya hiyo gari na kuiendesha kuliko mwenye gari.

Tabia? Haikuwa laini. Alikuwa anasema ukweli kwa uso wako, awe ni bosi, awe ni nani. Wamarekani walimbandika majina. Wengine walimwita Teddy Teabag juu ya kupenda chai kama Mwingereza halisi, wengine Sidebite juu alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Wenye walifanya kazi na yeye kwa karibu walimpenda. Wadosi wa suti hawakujua wamweke wapi, na hiyo kitu ilikuja kumgharimu.

Biashara pia ilimkatalia. Alifungua garaji yake ya kutengeneza magari ya mbio, lakini shida za pesa zikaibana hadi ikafungwa. Mkono wa ufundi alikuwa nao, wa mahesabu ndio haukuwa. 1963 ikampata anahitaji ajira, na mtu wa kumwajiri alikuwa karibu.

Shelby anaingia, na Ford wana hasira

Carroll Shelby alikuwa Mtexas aliyeshinda Le Mans 1959 akiendesha Aston Martin, halafu moyo wake ukamlazimisha aache mbio. Akafungua kampuni California, akawa anachukua gari nyepesi ya AC ya Uingereza na kuitia V8 ya Ford. Hiyo ndiyo Cobra. Miles akaingia hapo kama dereva wa mbio na wa majaribio, na kichwa cha kutengeneza. Ilikuwa kazi yake kabisa.

Mwaka huo huo wa 1963, Ford walikuwa wamejaribu kununua Ferrari. Mazungumzo yalifika mbali, halafu dakika za mwisho Enzo Ferrari akajitoa juu hakutaka Wamarekani wamuamulie mambo ya timu yake ya mbio. Henry Ford wa Pili akachukua hiyo kama dharau. Akaamua atajenga gari ya kumpiga Ferrari pale anapojivunia zaidi: Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa. Na kumbuka Ferrari walikuwa wanashinda huko kila mwaka tangu 1960.

Gari ikajengwa Uingereza. Ikaitwa GT40 juu kimo chake kilikuwa inchi 40 tu kutoka chini, yaani mita moja na sentimita mbili hivi. Mtu mrefu anaiangalia kwa paa kama anaangalia meza. 1964 wakapeleka tatu Le Mans. Hakuna hata moja iliyomaliza.

Mwisho wa mwaka huo Ford wakaamua kumpelekea Shelby mradi. Na Shelby akampa Miles usukani.

Vile waliipika upya

Hapa muvi ilikimbia sana, na ndio sehemu tamu.

GT40 ilikuwa na kasi lakini ilikuwa na magonjwa mengi. Mbele ilikuwa inainuka ikikimbia, hewa haikuwa inafika vizuri kwa injini na breki, giaboksi ilikuwa inavunjika. Timu ya Shelby wakabandika nyuzi za sufi kwa bodi yote, Miles akaikimbiza, wakaangalia nyuzi zinalala vipi ili wajue hewa inapita wapi na inakwama wapi. Wakabadilisha njia za hewa. Rimu za spoku zikatolewa, zikaingia za magnesi. Miles alikuwa anaenda raundi, anarudi, anawaambia hii kona inavuta hivi, hapa inateleza hivi, wanabadilisha, anaenda tena. Siku nzima. Kesho tena.

Februari 1965, mbio za kilomita 2,000 za Daytona, Miles na Lloyd Ruby wakashinda. Ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa GT40. Gari ambayo haikuwa inamaliza mbio sasa ilikuwa na kombe.

Halafu wakaamua kuitia injini kubwa ya lita 7. Hiyo ndiyo ikawa Mk II. Ilikuwa na nguvu ya kutisha, lakini pia ilikuwa nzito, na uzito ulileta shida mpya: breki. Pale Le Mans kulikuwa na barabara nyoofu ya Mulsanne, karibu kilomita 6, unaingia zaidi ya kilomita 320 kwa saa halafu kona inakungoja mwishoni. Unakanyaga breki hapo mara moja kila raundi, usiku na mchana. Diski zinageuka nyekundu kama makaa na kupasuka. Phil Remington, fundi mwingine mnoma wa Shelby, akaja na njia ya kubadilisha breki zote haraka gari ikisimama kwa piti.

Muvi inakuonyesha Miles akiachwa Amerika wenzake wakienda Le Mans. Ukweli ni kwamba 1965 alikuwa pale, ndani ya Mk II, akishirikiana na Bruce McLaren. Giaboksi ikawaangusha. Ford zote zikafa tena. Ferrari wakacheka tena. Kule Dearborn, Ford wakafunga injini na giaboksi kwa mashine ya maabara, wakaiigizia raundi za Le Mans, kubadilisha gia na kukanyaga mafuta kama iko kwa mbio, hadi wakajua nini kinavunjika na saa ngapi.

1966: mwaka wa Ken Miles

Mwaka ukaanza kwa moto. Februari, Daytona iligeuzwa kuwa saa 24 kwa mara ya kwanza. Miles na Ruby wakashinda. Machi, saa 12 za Sebring, injini ya Dan Gurney ikazima kwa raundi ya mwisho, Gurney akashuka akaanza kusukuma gari kuelekea mstari, jambo ambalo sheria haikuruhusu. Miles na Ruby wakachukua tena.

Kwa hivyo akienda Le Mans mwezi wa Juni alikuwa na mbili mkononi. Daytona, Sebring na Le Mans, zote tatu kwa mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa haijafanywa na mtu. Alikuwa na miaka 47. Mwenzake Ruby alikuwa ameumia kwa ajali ya ndege ndogo, kwa hivyo akapewa Denny Hulme kutoka New Zealand.

Ford walikuja na Mk II nane. Mbio zilianza 18 Juni, na raundi ya kwanza tu mlango wa Miles ukakataa kufunga. Akalazimika kuingia piti. Fikiria, mbio za saa 24, na unaanza kwa kupoteza wakati hivyo. Akatoka hapo akaanza kuwafuata mmoja mmoja. Usiku ukaingia, mvua ikapita, Ferrari zikaanza kufa. Kufika asubuhi, zile 330 P3 za kiwanda zote zilikuwa zimetoka. Mbele kulikuwa na Ford tupu, na saa za mwisho Miles ndiye alikuwa anaongoza.

Sasa ndio wadosi wakapata wazo. Badala ya gari moja kushinda, kwa nini Ford tatu zisimalize pamoja? Picha moja ya gari tatu zikipita mstari, tangazo la bure dunia nzima. Leo Beebe, aliyekuwa anasimamia mbio za Ford, akataka namba 1 na namba 2 zimalize sawa. Amri ikafika piti. Miles, mtu asiyejua kunyamazia mdosi, safari hii akatii. Akapunguza mwendo, akangoja namba 2 ya McLaren na Chris Amon imfikie. Namba 5 ya Ronnie Bucknum na Dick Hutcherson ikafuata nyuma, raundi 12 chini.

Wakapita mstari kwa mvua. Na hapo ndipo noma ilitokea. Wenye mashindano walisema hakuna sare. Magari yote mawili yalifanya raundi 360, sawa kabisa, lakini gari ya McLaren ilikuwa imeanza nyuma zaidi kwa mstari wa kuanzia. Kama mmefika pamoja na yeye alianza nyuma, basi yeye ndiye ametembea mbali zaidi. Kilomita 4,843, na zikaamuliwa na mita 20 hivi.

McLaren na Amon wakapanda jukwaa la kwanza. Miles na Hulme, wa pili.

Picha za mwisho zinaonyesha namba 2 ikiwa mbele kidogo tu. Watu wamebishana hadi leo kama Miles aliachilia mafuta kwa hasira, ama McLaren ndiye alisukuma kidogo. Mimi naona hiyo si swali kubwa. Swali kubwa ni hili: nani alimwambia apunguze? Ukimwambia mtu anayeongoza asimame angoje wenzake, halafu wenzake wapewe kombe, huwezi kusema ilikuwa bahati mbaya. McLaren na Amon hawakukosa kitu, waliendesha poa na walimaliza. Lakini yule aliyeitengeneza hiyo gari, aliyejua kila mlio wake, alipokonywa kitu pekee ambacho hakuwa nacho, na kilichukuliwa na watu wa upande wake. Ferrari hakuhusika hata kidogo.

Riverside

Ungedhani baada ya hapo angehepa. Hakuhepa. Alirudi California kuendelea na kazi. Ford walikuwa wanaunda gari mpya ya kuchukua nafasi ya Mk II, iliyoitwa J-car. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu iliyopangwa ndani kama sega la nyuki na kugundishwa, nyepesi sana. Na kama kawaida, mtu wa kuijaribu alikuwa Miles.

17 Agosti 1966, uwanja wa Riverside, alikuwa amekaa ndani ya hiyo gari siku karibu nzima. Mwisho wa barabara nyoofu ya nyuma, gari ikamtoka. Ikabingirika, ikavunjika vipande, ikawaka moto. Miles akarushwa nje na akafa papo hapo. Kijana wake alikuwa pale uwanjani.

Kutoka Le Mans hadi hapo, miezi miwili haikuwa imeisha. Hakupata nafasi ya kurudi kuchukua kile kombe.

Kile replika haiwezi kunakili, na kile inanakili

Baada ya hiyo ajali Ford walirudi kwa meza. Umbo la gari likabadilishwa, na ndani wakaweka keji ya mabomba ya chuma kuzunguka dereva. Gari hiyo ikawa Mk IV. 1967 Dan Gurney na A. J. Foyt wakashinda Le Mans nayo. Kwa mbio hizo hizo, Mario Andretti aligonga vibaya sana usiku akiwa ndani ya Mk IV ingine, akatoka na mbavu zilizoumia lakini hai. Watu wengi wanasema ile keji ndiyo ilimwokoa. Ikiwa ni hivyo, basi Miles alilipa bei ya hiyo keji.

Kwa hivyo rudi kwa yule msee wa garaji. Anaweza kununua bodi yenye umbo lile lile. Anaweza kukata milango iingie hadi kwa paa kama orijino, aweke usukani upande wa kulia, apange mabomba ya ekzosti yaliyojikunja juu ya injini kama nyoka wamelala pamoja. Anaweza hata kuweka ile nundu ya paa iliyotengenezwa kwa Gurney juu kichwa chake kilikuwa hakitoshi. Kuna kampuni zinaunda chasi zinazofanana na ya zamani hadi spea nyingi zinabadilishana.

Ila atagundua kitu akiwa ndani. Kila sehemu ya ile gari kuna mtu aliyeikataa mara ya kwanza, akarudi akasema ibadilishwe. Njia za hewa ziko pale juu mtu alikimbiza gari na nyuzi za sufi. Breki zinatoka haraka juu mtu alirudi piti akasema zimeisha. Ukijenga nakala ya GT40, unanakili malalamiko ya Ken Miles, moja baada ya ingine, hadi gari inakuwa sawa.

2001 jina lake liliingizwa kwa Motorsports Hall of Fame ya Marekani, miaka 35 baada ya kufa. Halafu 2019 Christian Bale akamcheza, na vijana ambao hawajawahi kusikia Le Mans wakajua jina lake. Kwa rekodi za Le Mans 1966 bado imeandikwa McLaren na Amon, na itabaki hivyo.

Lakini ukiwahi kuona GT40 ya bluu hafifu, namba 1 mlangoni, iwe kwa maonyesho ama kwa video, usiharakishe kusema hiyo ni feki. Aliyeijenga alijua vizuri nani alishinda kwa karatasi, na bado akapaka rangi ya yule mwingine.